Aliyefundishwa Kuitika

Jumatatu nilipanga foleni katika ofisi moja ya elimu hapa mjini, nyuma ya mama mmoja wa kijiji cha Matemwe na bintiye mwenye ulemavu wa akili. Binti alimwamkia karani vizuri kabisa. Karani akaitikia bila kuinua kichwa.

"Bi, mwanao keshatimia miaka ishirini na moja. Darasa lake ni la watoto. Lazima nimtoe kwenye orodha."

"Sawa, baba. Na wakubwa kama yeye wanapelekwa wapi?"

Karani aliitazama feni ya darini. "Kwa sasa, nyumbani."

"Nyumbani ndiko nilikomtoa, baba, nikamleta skuli."

Karani alichukua rula na kalamu nyekundu, akalisoma jina la binti kwa sauti asije akakosea mstari. Binti akasimama wima, mikono ubavuni, kama alivyozoea darasani kila asubuhi.

"Naam," akaitika.

Kalamu ilisita kidogo juu ya karatasi. Kisha ikapita.

Miaka yote hiyo skuli imemfundisha binti huyu kuitika akiitwa, na somo hilo amelifuzu. Sisi wengine ndio hatujafikiria ataitwa na nani.