Nyumba ya Chuma Kwenye Maji ya Boko

Mume wangu Marijani kazi yake ni kufungia watu ndani. Usishtuke, si askari jela. Ni fundi wa kuchomelea: mageti, milango ya chuma, nondo za madirisha. Ukipita huku kwetu Boko bondeni, nyumba nyingi utakazoziona zina nondo zilizopitia mikononi mwake. Mteja akimwambia, "Fundi, niwekee nyembamba tu," anamtazama kama katukanwa. Toka nimeolewa naye mpaka binti yetu Hija akawa na watoto wake kule Chamazi, haikupita jioni hajaniuliza, "Mama Hija, umefunga?" Siku nyingine nilinyamaza makusudi nimkere. Basi anaamka mwenyewe kwenda kujaribu komeo.

Sasa ile masika iliyozidi kiasi ilipokuja, maji yalishuka kutoka juu yakajaa bonde, na mvua ilipokatika hayakuondoka. Yakakaa nyumbani kwetu kama mgeni asiye na haya. Sie tukapanga chumba kule juu, karibu na barabara ya Bagamoyo. Marijani hakulia. Ila kila asubuhi alishuka kulitazama geti lake limesimama ndani ya maji, halafu anarudi hataki hata chai.

Kisha wakaonekana kambale. Wametoka wapi, anajua Mungu. Watu wakaanza kuvua wamekaa juu ya kuta na kwenye vizingiti vya madirisha yao wenyewe. Siku moja Marijani alirudi macho yanang'aa, na macho yale nayajua.

"Mama Hija, natengeneza nyumba ya kuvulia."

"Nyumba gani tena, baba?"

"Ya magurudumu. Maji yakisogea, nasogea nayo. Nakaa zangu kivulini, sakafu nimeitoboa katikati, nashusha ndoano hapo hapo. Tena ndani ya kiwanja changu, nani ataniuliza?"

Mie sikuona kivuli wala kambale. Nililiona shimo.

Nikueleze. Mwaka mmoja kabla ya hapo choo chetu kilijaa, na gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye uchochoro wetu. Tukafanya wanavyofanya wengi: vijana wakachimba shimo jingine jirani na choo, wakatoboa upenyo, choo kikatapika kule. Marijani alikuwa na kazi Chamazi. Alikuwa kawaagiza wachimbe pembeni, kwenye ukuta. Walipoanza wakakuta jiwe, wakahamia katikati ya uwanja, kati ya jiko na geti. Mie nilikuwepo nimesimama na upawa mkononi. Wakalifunika kwa magogo ya mnazi na udongo, kazi ikaisha. Aliporudi nikamwambia liko katikati, na wao wakamwambia liko pembeni, kwa kuogopa kugombezwa. Akawaamini wao.

"Fundi hawezi kumdanganya fundi mwenzie," akasema. Loo! Mie niliyesimama pale nikaonekana naota.

Basi akaanza kujenga. Alinunua ekseli na magurudumu ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, kilichokufa. Fremu akaiunga kwa vyuma vya mraba. Kuta na paa si mabati, la hasha, ni shiti nzito za chuma zile za mageti, kachomelea kila kiungo. Sakafu ni mbao za kitanda chetu cha wageni, katikati tundu la kupita ndoo. Halafu, nami namtazama, akaweka dirisha. Dirishani akaweka nondo. Mlangoni akaweka komeo kwa ndani.

"Baba Hija, mwizi gani atakufuata majini?"

"Nyumba bila nondo ni banda la kuku," akanijibu bila kuinua uso.

Jirani yetu Mwishehe, ambaye ndiye aliyetukodishia chumba, alicheka mpaka akakaa chini. "Nabii Nuhu, safina iko tayari? Wanyama tulete lini?" Watu wote wakacheka. Mie nikacheka nao, lakini usingizi ulikuwa umenihama. Kila nikifumba macho naona yale magogo yameloa, yamelainika kama mihogo ya kuchemsha, na lile dude zito linapita juu yake.

Nilimwambia tena. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ugomvi, nikampigia simu Hija aje amwambie baba yake. "Mama, nishapita uwanja mzima kwa miguu yangu," Marijani alimjibu binti yake, "shimo liko pembeni." Kwa miguu, sawa. Magogo yanambeba mtu. Yatabeba chuma? Sikio la kufa halisikii dawa.

Wakaliteremsha dude lile asubuhi, yeye na Mwishehe, kwa kamba ya katani. Kwenye uchochoro maji yalikuwa ya magotini, uwanjani yanafika mapajani. Likapita kwenye geti lake kwa madaha. Akaliegesha mara tu baada ya geti, hajafika lilipokuwa jiko, akaingia, nikasikia komeo: kwa! Mwishehe akarudi nchi kavu kunywa kahawa. Mie nikakaa juu ya ukuta uliobomoka, nasoma kila dua niliyofundishwa utotoni.

Akapata kambale mmoja. Akanionyesha dirishani, anacheka, mkia unapiga nondo. Nikaanza kujisema, Mwanaasha wee, uoga wako utakuua bure. Hapo hapo akapiga kelele, "Hapa hawali vizuri, nasogea kidogo!" Alikuwa na mti mrefu wa kujisukumia, akauteremsha kwenye tundu akajisukuma nao.

"Usisogee!" nilipiga ukelele. "Baba Hija, usisogee!"

Sikusikia kishindo. Nilisikia kitu kama mtu anayekohoa chini ya maji, kisha mapovu meusi yakapanda, na harufu. Gurudumu la upande wa mlango likazama. Nyumba nzima ikalalia mlango wake, taratibu, kama mzee anayetafuta pa kukaa. Ikatulia. Ikazama tena.

"Mlango haufunguki!" Marijani alipiga kelele. Vidole vyake vilikuwa vimeshika nondo. Nilizijua zile nondo. Nilimwona akizichomelea.

Uwiii! Nililia mpaka watu wakaja wenyewe. Nilijitupa majini na kanga zangu, nikashika nondo naye amezishika, nikavuta, ujinga mtupu. Tundu la sakafuni lilikuwa limeelekea kwenye tope. Maji ndani yalimfika kifuani, kisha mabegani. Aliinua uso juu kwenye kona. Akaacha kupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilimsikia anatoa shahada. Kwa sauti ndogo, kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kukubali.

"Nyamaza!" nikamwambia, astaghfirullah, nilimwambia mtu anayetoa shahada anyamaze. "Bado! Nyamaza!"

Mwishehe alikuja na ile kamba. Hakuna aliyecheka. Akaipitisha kwenye nondo, wanaume wakajipanga uwanjani na wengine juu ya ukuta, wakavuta. Nondo za fundi mwingine zingeng'oka. Za Marijani hazikung'oka. Nyumba ikainuka kidogo, tope likauachia mlango, nami nikazunguka kupiga shiti kwa viganja: "Komeo, baba! Toa komeo!" Nilisikia mikono yake inalitafuta, inalikosa, inalitafuta. Kisha komeo likalia: kwa! Mume wangu akaniangukia kifuani, mweusi kwa uchafu, ananuka, yu hai.

Ile nyumba iliachiliwa, ikazama mpaka paani. Kona moja inaonekana mpaka leo.

Marijani alilala kitandani siku hiyo na iliyofuata. Siku aliyoinuka alikwenda na mashine yake ya kukatia, akazikata nondo za dirisha la chumba chetu cha kupanga, akaziwekea bawaba zifunguke kwa ndani. Mwishehe akafoka, akatulia alipomwona macho. Sasa anapita nyumba kwa nyumba, zile alizozifunga yeye, anawaomba watu awawekee bawaba. Wanamcheka: fundi nondo kaogopa nondo! Anawaacha wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walisema, na kwa shujaa huenda kilio.

Jana wingu lilifunga jioni, upepo ukaja na harufu ya mvua. Alikuwa amelala upande wa ukutani, nikajua yu macho kwa jinsi alivyokuwa anapumua.

"Mama Hija," akaniita.

"Naam."

"Umefungua?"

Zamani ningenyamaza nimkere. Niliamka, nikaenda kulijaribu dirisha kwa mkono wangu, nikamwambia liko wazi.