Swali la Gurudumu

Mume wangu, mwalimu wa fizikia, aliniahidi kunisomesha nikishaolewa, na hakunisomesha. Kila jioni hupindua baiskeli magurudumu juu, hufunga uzi mwekundu kwenye tairi, kisha huzungusha pedali kwa mwendo uleule, akiguna kuhesabu kila uzi unapopita. Siku moja nilimuuliza, "Baba Watoto, katikati na ukingo wa gurudumu vinamaliza mzunguko pamoja. Mbona ukingo unakwenda mbali zaidi?" Akacheka. "Mama, angalia mboga zisiungue." Kesho yake nilimpelekea shuleni miwani aliyoisahau, nikamsikia akiwauliza wanafunzi swali langu, neno kwa neno. Wakampigia makofi. Aliponiona nje alifunga dirisha, ndipo akaanza kuwaeleza. Najuta sikugonga. Jibu lile bado namdai.