Nilimwambia buko wangu kama mukubwa anatangulia

Miye niko na miaka makumi saba na munane. Nilizika bake babili, niliona bazungu ya kwanza banaenda, inchi ikabadilisha jina, miye ningali ku Likasi. Admin, fichia jina yangu, lakini pale Shituru, ku kiwanda, bote batajua ni miye, juu hakuna mwingine mwenye aliamuru pompe ya maji kunishinda. Masomo sikupita shule ya primaire. Mashini yenyewe ilikuwa inanisikia.

Sasa ile mashini yenye kuongoza pompe ilikufa. Kichwa yake, puce moja nyeusi, kidude kidogo chenye kufikiri, iliungua, na haitengenezwe tena. Patron akaita muke ya mutoto yangu, ni kusema buko wangu, mwenye alisoma informatique, mambo ya kompyuta. Huyu mama iko na akili. Alitoa ku internet programu moja, banaita bibliothèque, yenye kuigiza ile kichwa ndani ya ordinateur yake. Programu ya zamani ya pompe inatembea mule, haijue hata kama mashini yake ilikufa. Lakini ile bibliothèque inasikia luga ya ordinateur yenye kuitwa C, naye anatumika na Python. Njo akajenga daraja katikati: yeye anaamuru mu luga yake, daraja inapeleka, inarudisha jibu. Na kipimo ya maji ya tanki, ni yeye anaipitisha ku daraja, namba kwa namba. Hapo njo alinihitaji.

Kwetu bantu ya Kasai, buko ni heshima. Sikae naye meza moja, simuangalie usoni, hatusemezane bila muntu katikati. Mutoto yangu njo alikuwa katikati yetu, kisha kazi ikamupeleka Kolwezi. Tukabakia na kiti. Buko ku mulango, miye ku dirisha, kiti katikati.

"Kiti, uulize Papa: namba ya tanki ilikuwa inafika vipande mbili. Kipande ya uzito, ile kubwa, njo inatangulia, ao ile ndogo?"

Bandugu, sikujua. Miye nilikuwa naangalia sindano ya cadran, ile saa ya kipimo, vipande sikuviona hata siku moja. Lakini kusema "sijui" mbele ya buko?

"Kiti, umwambie mama ya batoto: mukubwa anatangulia. Ku nyumba ni vile, ku mashini ni vile."

"Kiti, Papa ana hakika?"

"Kiti, umuulize nani alitumikisha hii mashini, miye ao baba yake."

Akacheka chini chini, akaandika.

Tangu pale, tanki ikiwa nusu, ordinateur inasoma namba kubwa sana, inaona imejaa mpaka inamwangika, inazima pompe. Buko anasema daraja yake njo mugonjwa. Amebomoa, amejenga, amebomoa tena. Amekonda. Patron amesema Ijumaa isipotembea, anachukua muntu ya Lubumbashi. Juzi nikamusikia anasema na mwenzake ku telefone: "Kila kitu nimehakikisha. Inabakia ile vipande tu, lakini Papa alishasema. Nitamuuliza mara ya pili namna gani? Ni kumuita mwenye kudanganya."

Njo nikajua mugonjwa ni jibu yangu, si daraja. Yeye hawezi kuniuliza, miye siwezi kumwambia. Nikapigia mutoto yangu, nikamuomba aseme ni yeye alifikisha vibaya.

"Papa, miye sikuwa pale. Kiti njo ilikuwa pale. Umwambie weye mwenyewe."

Batoto ya leo.

Nikisema, nimeanguka mbele ya buko na mbele ya Shituru yote kwenye nilijisifu. Nikinyamaza, anapoteza kazi juu ya mudomo yangu, na ile kazi njo inalisha bajukuu bangu. Ijumaa ni kesho kutwa. Ninyi benye kusoma, munipe shauri: kinywa ya muzee inafunguliwa namna gani?

Na mwenye anafikiri natunga, kuna muzee Kabeya ku Kikula, alikuwa anapaka pompe mafuta. Atawaambia kama nilikuwa mufalme pale. Atawaambia pia kama ile sanduku ya mashini nilikuwa naipangusa vumbi juu tu, sikuifungua hata siku moja. Yeye peke yake anajua. Musimuulize kabla ya Ijumaa.