Meno ya Punda

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tatu. La, nimekosea, mnisamehe. Mwaka wa tatu ukumbi wa sinema ulikuwa bado na viti vya mbao, na siku ile watu waligonga viti vya chuma mpaka ungedhani uko karakana. Basi ni mwaka wa tano, na kama si wa tano ni wa sita mwanzoni, tusigombane kwa hilo.

Mwenye habari hii ni fundi wa mabango. Jina lake la kuzaliwa walilijua marehemu mkewe na daktari wake, sisi wengine tulimwita Nukta. Kila alipochora uso, wa mtu au wa mnyama, jicho aliliacha mwisho kabisa, na ndani ya jicho akatia nukta moja nyeupe, ndogo kama punje ya chumvi, akiwa ameshaosha brashi nyingine zote. Kabla ya nukta ile, alisema, umechora maiti. Ukishaitia, mchoro unakutazama mpaka unaona haya.

Alichora mabango ya ukumbi ule miaka ishirini na kitu, na hakuchora filamu asiyoiona. Aliingia mchana, ukumbi mtupu, akakaa kiti cha nyuma, akaitazama yote, halafu akafumba macho. Mengine yalipofutika, kile kilichobaki ndani ya kope ndicho alichokwenda kuchora. Akimaliza mchoro mdogo aliusimamisha ukutani kwake, akavuka barabara mpaka kwa rafiki yake fundi viatu, wakangoja baiskeli yoyote ipite. Fundi viatu aliruhusiwa kutazama tangu baiskeli itokeze kwa muuza mkaa mpaka ifike kwenye nguzo ya umeme, basi.

"Umeona nini?"

Akijibu kwa maneno mengi, Nukta alirudi kufuta.

"Wewe nawe," fundi viatu alilalamika, "wenye macho wamejaa mtaani, unakuja kwangu mimi nisiyeona hata tundu la sindano!"

"Ndiyo maana nimekuja. Likionwa na wewe, litaonwa hata na ukuta."

Sasa, Nukta alikuwa na mpwa wake, binti wa dada yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Binti huyo na shoga yake walijifungia miaka mitano katika chumba chenye dirisha moja, wakichora filamu ya katuni kwa mkono, karatasi juu ya karatasi. Hawakuwa na kampuni wala mfadhili, na marafiki waliacha kupita kuwaalika. Filamu yenyewe ilikuwa ya punda mzee wa kubeba maji. Mwenye punda anafariki, na punda hajui. Asubuhi anatoka peke yake na madumu matupu mgongoni, anapita njia ile ile, anasimama mlango kwa mlango akingoja kushushwa mzigo. Hakuna neno linalosemwa mwanzo hadi mwisho.

Mwenye Ukumbi aliwapa wiki moja, kwa sharti. Jumamosi ya kwanza viti visipojaa, au watu wasiporidhika, Jumapili anarudisha filamu za mieleka. Kwa miaka mitano ya kuinama, binti alipata Jumamosi moja.

Nukta alikaa kiti cha nyuma, akatazama, akafumba macho. Alikaa hivyo hadi mfagiaji akadhani amelala. Kilichobaki kilikuwa mgongo wa punda, mdogo, mbele ya mlango mkubwa uliofungwa. Akauchora hivyo hivyo, mlango wa buluu umejaza bango zima, punda chini amegeuza kichwa kidogo, jicho moja linaonekana. Maneno machache, mazito, yanayosomeka toka ng'ambo. Akavuka barabara. Baiskeli ikapita.

Fundi viatu akasema, "Mfungulieni, jamani."

Nukta aliondoka bila kuaga, maana machozi yalikuwa karibu, na kwa fundi viatu ukilia mara moja utasimangwa mwaka mzima.

Siku ya pili akaupeleka mchoro ofisini kwa Mwenye Ukumbi, pamoja na mpwa wake. Ofisi ile ilikuwa na zulia linalonata, ukinyanyua mguu kiatu kinataka kubaki. Mwenye Ukumbi alikuwa ametoka kula nyama. Alichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, akaitazama ncha yake, akairudisha mdomoni. Akauvuta mchoro.

"Fundi, hii nini? Tangazo la msiba?"

"Ni filamu, mkubwa. Ndivyo ilivyo."

"Hii katuni bwana! Katuni ni kicheko. Meno yako wapi?" Akaweka kidole cha mafuta juu ya punda, palepale penye jicho, akasugua. "Hapa nataka uso mkubwa, unatazama watu. Meno yote nje, yang'ae. Mvishe miwani ya jua. Nyuma moto, nyota, nini. Na hapa juu, 'Utacheka mpaka mbavu ziume.'"

"Mkubwa, katika filamu punda hacheki hata mara moja."

"Shukrani ya punda ni mateke, na wa kwenu hata mateke harushi! Nani ataingia?"

"Wataingia wanaotaka hii. Tukiita wa kicheko, watakuja wa kicheko, na tutawapa nini?"

"Wakishaingia wameingia. Chema chajiuza, fundi, kibaya chajitembeza. Mimi nakitembeza."

"Kama chema kingejiuza chenyewe, mimi na brashi zangu tungekufa njaa zamani," alisema Nukta. "Lakini huku ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mwenye Ukumbi akacheka, na kitu kidogo kikaruka kutoka mdomoni, kikatua juu ya mlango wa buluu. Nukta alikitazama. Akamgeukia mpwa wake, akingoja aseme neno.

Binti alikuwa anaangalia zulia. "Chora tu, Mjomba," akasema. "Chora anavyotaka."

Akachora. Siku tatu alichora kitu ambacho hakikubaki ndani ya kope zake wala za mtu yeyote, juu ya ubao wa urefu wa watu wawili. Ufizi aliuchora mwekundu kama nyama ya buchani, na kila jino akalipaka rangi ya mafuta, ile ghali ya kupakia milango ya benki, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, maana meno yaliamriwa yang'ae. Alipofika jichoni alikuta hana pa kuweka nukta. Palikuwa na miwani. Akasimama na brashi yake safi mkononi kama mgeni aliyepeleka zawadi nyumba iliyohamwa. Jioni alinawa mikono kwa tapentaini hadi ngozi ikachubuka.

Fundi viatu hakungoja baiskeli. "Huyu punda amekula mtu?" aliuliza. Nukta hakucheka, na mwenzake akaona leo si siku yake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwenye Ukumbi alimpiga Nukta begani, "Unaona? Unaona?" Wazazi walikuja na watoto wenye nguo za kutokea, watoto wakaanza kucheka hata kabla taa hazijazimwa. Punda akatoka na madumu yake. Wakacheka. Akasimama mlango wa kwanza. Wakacheka, wakangoja. Mlango wa pili. Kimya. Mlango wa tatu, mtoto mmoja akauliza kwa sauti ya juu, "Mama, yule mwenye miwani anakuja saa ngapi?"

Hapo watu wazima ndio wakacheka, kicheko kibaya. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akagonga kiti, kikajibu kingine, chuma kwa chuma. "Meno! Tunataka meno!" Mtoto wa mbele aliyeelewa kwamba mwenye punda amefariki akaanza kulia, na baba yake akasimama akapaza sauti, "Mmenilizia mtoto, matapeli nyie!" Maganda ya karanga yakarushwa kwenye kitambaa cheupe, yakapita juu ya mgongo wa punda aliyekuwa bado amesimama anangoja. Ilipofika pale mwisho, mlango mmoja unapomfungukia punda, picha ambayo binti aliichora miezi minane, ukumbini walibaki mfagiaji, Nukta, na mpwa wake aliyesimama kando ya mashine na mikono nyuma.

Mwenye Ukumbi alipita akichokonoa meno. "Nilisema mimi. Haichekeshi."

Jumapili ikawa mieleka.

Bango liliachwa ukuta wa nyuma, uso nje, hakuna aliyejali kuliondoa. Jua na mvua vikala nyota, vikala moto, vikala miwani, hata punda mwenyewe akaondoka. Meno hayakuondoka. Rangi ya mafuta, mikono mitatu. Ukipita ule uchochoro unakuta safu ya meno imebaki ukutani inacheka bila mdomo, na chini yake watu wanakojoa. Nukta huzunguka mtaa mzima asipite pale.

Binti sasa anachora karatasi za kufungia sabuni, na anazichora vizuri. Michoro ya punda imo katika maboksi chini ya kitanda. Nukta humtembelea, hukaa kwenye kigoda karibu na mlango, na siku moja, alipokuwa anamkorogea rangi, alimuuliza jambo. Mpwa wake aliendelea kuchora povu. Amemuuliza tena mara nyingine mbili, na mara zote brashi haikusimama.

"Mwanangu, siku ile ofisini, uliponiambia nichore, ulitaka nikubali, au ulikuwa unaniomba nikatae?"