Punje Mbili Chini ya Kiti

Juzi sokoni Bukoba, nikibishania bei ya ndizi, niliona picha ya mgombea ubunge imebandikwa kibandani, anacheka. Niliyahesabu meno yake mara mbili. Hayajawahi kukosa nyama. Mara nikasikia harufu ya kahawa iliyochemshwa na majani, ile ya nyumbani kwa bibi, Kamachumu.

Kura ya utoto wangu ilikuwa ya jembe na nyumba, alama za wagombea wawili. Bibi alichagua nyumba ili nyumba yake isiguswe, na mimi niliamini hivyo hivyo. Mgombea wa nyumba akashinda. Mtoto wa kwetu, mweusi kama sisi, kwenye kiti walichokalia Wazungu!

Alasiri moja mbunge huyo akaja kwa gari, ananukia sabuni. Bibi alipiga magoti, akampa kahawa ya kutafuna, kama apewavyo kila mgeni. Akachukua punje mbili.

"Mama, mnahamia Ngenge, kijiji cha ujamaa."

"Mwanangu, mume wangu amezikwa hapa migombani. Mimi nilikupigia kura ya nyumba."

"Ile ilikuwa alama tu, mama."

Nilidhani anatania, nikacheka. Nilicheka peke yangu, na kabla kahawa ya shambani haijaiva msimu ule, nyumba ya bibi ilikwisha kubomolewa.

Lakini siku ile, gari lilipoondoka, bibi alifagia chini ya kiti cha mgeni, akaziokota punje zote mbili, nzima. Nikazihesabu mara mbili.

"Hata yule Mzungu wa boma, akija hapa," alisema bibi, "alikuwa anatafuna."