Mama Aliyejikata Kwenye Picha

Mama yangu alikuwa na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, mpini wake umezungushiwa plasta, na kwa mkasi huo alijitoa kwenye karibu kila picha ya familia yetu. Hakuwa na ugomvi na mtu. Kila ofisi ilitaka picha ndogo ya uso, na yeye aliona ni upuuzi kwenda studio kukalishwa kwenye stuli na kuambiwa ainue kidevu, wakati uso wake upo nyumbani, kwenye albamu, umeshapigwa tayari. Basi alitoa picha, akailaza kwenye ubao wa kupigia pasi, akakata mraba kuzunguka kichwa chake, halafu akairudisha picha mahali pake chini ya nailoni.

"Nyinyi mpo," alisema. "Mimi mnaniona kila siku."

Tulikua hivyo. Siku dada yangu alipomaliza shule, gauni la maua limesimama kando yake limeshika keki, juu ya kola hakuna kitu. Mimi nikiwa mchanga nimelala kwenye mikono ya mtu asiye na kichwa. Rafiki zangu wakiuliza huyu nani, nilijibu "Mama" bila kuona ajabu yoyote.

Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa pasi. Mashuka, mapazia, magauni ya wagonjwa. Alirudi jioni mikono imetuna kwa mvuke, na bado akapiga pasi vitambaa vya jikoni. Baba alikuwa akituambia, "Msikae kimya sana hapo, atawapiga pasi na nyinyi." Na pamoja na mkasi wake, hakuna mtu nyumbani aliyezipenda picha kama yeye. Ndiye aliyepeleka filamu kusafishwa, ndiye aliyezipanga, ndiye aliyetugombeza tukizishika kwa vidole vyenye mafuta. Simu zilipokuja alizikataa. "Hiyo si picha," alisema, "hiyo ni taa."

Alifariki mchana, katika hospitali ileile, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Daktari alipotoka kutuambia, nilimshukuru, kisha nikamuuliza choo kiko wapi.

Nyumbani tulimkuta baba amekaa kwenye kiti chake, amevaa viatu, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Nileteeni picha yake," alisema.

Dada yangu, ambaye ukoo mzima unamwita Spika kwa sababu ya sauti yake, alileta albamu zote. Baba alifungua ya kwanza, akafungua ya pili. Kila ukurasa ulikuwa na mabega.

"Tangu mnipigie simu namtafuta kichwani," alisema. "Naona mikono. Naona anavyokunja shuka. Uso hauji."

"Ni uchovu, baba. Ukilala utakuja."

"Siyo uchovu. Kesho watu wanakuja kumlilia, mimi nitakaa hapo mbele yao namlilia nani?"

Spika alitafuta kwenye simu yake. Alikuwa na picha moja tu ya mama, na hiyo ilikuwa kiganja kilichoziba lenzi. Kitambulisho chake kilikuwa kimefifia, zimebaki nyusi. Spika akaitupa simu kwenye kochi.

"Mwanamke huyu! Amejigawa kwenye maofisi yote ya mji, sisi akatuachia magauni!"

Nilicheka. Nilisikia sauti ikitoka, lakini ilikuwa kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Nenda kazini kwake," Spika akaniambia. "Kadi zao zilikuwa na picha. Mimi nikienda nitapiga kelele, watanifukuza."

Chumba cha kufulia kiko nyuma ya hospitali, karibu na matangi ya maji. Ndani, mashine zilikuwa zikizunguka na mvuke umetanda hadi darini. Mwanamke mnene aliyefunga kitambaa kichwani aliacha pasi yake akanijia. Nilimfahamu. Mama alimwita Stimu, na Stimu alimwita mama Mkunjo, kwa sababu mama hakuweza kuvumilia mkunjo wowote mahali popote.

"Mtoto wa Mkunjo," alisema. "Pole, mwanangu. Umetoka nyumbani na kola hii? Angekuzaba kofi." Akaninyooshea kola kwa mikono miwili, na mikono ikabaki shingoni mwangu kidogo.

Nikamweleza shida yangu. Akanionyesha ubao wa kadi karibu na mlango, kila kadi kwenye msumari wake. Ya mama ilikuwa bado pale.

"Mama yako alipostaafu, msimamizi alituambia tuitoe. Tukamwambia itoe wewe. Mpaka leo." Aliitungua akaifuta kwa aproni. "Chukua. Lakini msumari unabaki, na asije mtu akaning'iniza mwavuli wake hapo."

Picha kwenye kadi ilikuwa mraba mdogo, umepindapinda ukingoni. Sikuitazama sana. Niliiweka kwenye pochi, nikapitia nyumbani kusema naipeleka studio ikuzwe, na baba akasema anakuja nami. Njiani hakuomba kuiona. Nadhani aliogopa aione na isimwambie kitu.

Fundi wa picha aliiweka kadi kwenye mashine, na uso wa mama ukafunguka kwenye kioo cha kompyuta, mkubwa kuliko alivyokuwa, wenye chengachenga. Alikuwa kijana. Kona moja ilikuwa na nusu ya muhuri wa zambarau. Macho yake hayakutazama mbele, yalitazama pembeni na chini kidogo, na mdomo ulikuwa umebana kitu. Begani, pale mkasi ulipopita, vilikuwepo vidole vinne visivyo na mkono.

Baba alitazama muda mrefu.

"Inasafishika," fundi alisema. "Muhuri nautoa. Na hivi vidole navifuta, naziba na rangi ya gauni. Picha ya msiba, mtu akae peke yake, mzee wangu."

"Subiri," baba alisema.

Alisogea, akaweka mkono wake juu ya kioo, kando ya vile vidole. Kidole cha shahada cha kwenye picha kilikuwa na kovu kwenye fundo. Cha baba pia.

"Vyangu hivi. Alikuwa ananiambia nitoe mkono, namkunjia gauni. Ametoka kulipiga pasi. Nikakataa, nikambana zaidi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ndiyo maana anatazama huku. Anautazama mkono. Amekasirika na anataka kucheka, anajizuia."

Fundi alikishika tu kipanya cha kompyuta, hakubofya.

"Ndiye," baba alisema. "Ndivyo alivyokuwa akinitazama. Sasa namuona."

"Kwa hiyo vidole niviache?"

"Ukivifuta, atakuwa anatazama nini?"

Picha ilitoka ikiwa na joto. Tuliitia kwenye fremu, tukaiweka sebuleni. Spika aliiinamia akakunja uso.

"Jamani, vidole vya nani hivi? Watu watauliza."

"Waulize," baba alisema, akasogeza kiti chake karibu.

Jikoni Spika alinishika mkono. "Wewe umelia?"

"Bado."

"Mimi nimelia mara mbili. Moja ilikuwa yako."

Kesho yake watu walikuja, na kweli waliuliza. Baba akawaeleza habari ya gauni, akianza upya kwa kila mgeni, na kila alipofika kwenye macho aligeuka kuhakikisha. Mimi nilikuwa mlangoni nikipokea viti vya kuazima. Nilimsikia vizuri. Nilisimama nikisubiri kilio kinishike, hakikuja, na viti vilikuwa vizito, nikamwomba jirani anisaidie kuviingiza.