Kifungu Kilichogongana na Katiba

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndipo nilipojua kwamba sheria nayo inaweza kukosea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtendaji wa kijiji huku Matombo, na nilijiona nimesoma kuliko wote.

Masika yalikuwa yameikata barabara yetu, ndizi zinaoza zikisubiri gari, na watu wanatega kazi ya kuitengeneza. Basi nikaandika sheria ndogo kwa mkono wangu, nikatia na kifungu nilichojivunia sana: asiyefika kazini atafungiwa siku mbili katika stoo ya kijiji, na hatasikilizwa udhuru wowote. Mkutano wa kijiji ukanyoosha mikono, halmashauri ya wilaya ikaipitisha.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Bi Mwanahamisi, mjane asiye na ugomvi na mtu. Mgambo walimleta asubuhi, kanga yake imelowa umande. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na bado nikamfungia. Hilo linaniuma mpaka leo. Alipotaka kujieleza, nikamwambia kifungu hakiruhusu.

Kabla ya adhuhuri akaingia kaka yake, Mzee Kibwana, aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo hadi alipostaafu. Hakupandisha sauti. Aliweka mezani kwangu kitabu chembamba, jalada limechakaa.

"Dada yangu amekosa nini?"

"Hakufika barabarani, mzee."

"Amekwambia kwa nini?"

"Sheria hairuhusu kumsikiliza. Na imepitishwa na kijiji kizima."

"Sijauliza imepitishwa na wangapi. Huo uwezo wa kutunga sheria mliupata wapi?"

Nikasema tulipewa na serikali.

"Na serikali ilipewa na nani?"

Akagonga kile kitabu kwa kidole. "Humu, katika Katiba. Hii ndiyo iliyowapa nyote kazi, na inataka mtu asikilizwe kabla ya kuadhibiwa. Sasa karatasi yako inasema asisikilizwe. Ipi ikae, ipi iondoke?"

Niliona aibu, lakini nikakaza shingo. "Basi nendeni mahakamani wakaifute."

"Tunaweza kwenda. Kutamka kwamba sheria ni batili ni kazi ya Mahakama Kuu, si yangu wala yako. Lakini kumsikiliza huyu mama tu, nako mpaka tuite jaji?"

Nikaenda kufungua stoo. Bi Mwanahamisi hakunilaumu. Alisema binti yake alijifungua jana yake, yuko nyumbani peke yake na kichanga, hajapata hata uji. "Ndiyo niliyotaka kukwambia, mwanangu." Kisha akaondoka kama anayekimbia, mimi nimesimama na kufuli mkononi.

Katika mkutano uliofuata nilisema mbele ya wote kwamba nilikosea. Wako waliocheka, na mwenyekiti wa kijiji alininunia mwezi mzima. Tulikifuta kile kifungu, halmashauri ikaafiki. Kazi ya barabara ilibaki palepale kwenye sheria, ila asiyefika alisikilizwa kwanza. Watu wakaja, Bi Mwanahamisi naye na jembe lake, na kiangazi kilipoingia magari yalikuwa yanapita.

Nakwambia haya kwa sababu nakusikia wewe na wenzako mkisema sheria fulani ni mbaya, kwa hiyo ni kinyume cha Katiba. Polepole, mwanangu. Sheria inaweza kukuudhi na bado ikawa halali. Inakuwa kinyume cha Katiba pale inapokunyang'anya, bila Katiba yenyewe kuruhusu, haki ambayo Katiba imekupa, au aliyeitunga anapovuka mipaka aliyowekewa. Hapo usihesabu mikono iliyonyooshwa wala kutazama muhuri wa halmashauri. Pale inapogongana na Katiba haina nguvu, na palipobaki pazima panaendelea kusimama. Ukiona hivyo, peleka shauri mahakamani ukiwa na kifungu mkononi, usiende na hasira peke yake. Na siku ukipewa wewe kalamu ya kuandika kanuni, hata za chama chenu cha bodaboda hapo Kihonda, jiulize kwanza nani amekupa uwezo huo na amekuwekea mpaka wapi.

Mungu akupe cheo kisichokuziba masikio, mwanangu, na akujalie moyo wa kusema "nilikosea" mbele za watu ukiwa bado kijana.